KISWAHILI KILICHOFIKA KWA MIGUU: MTUMBWI, MWALO NA MSAMIATI WA GHUBA ZA GEITA



Imezoeleka katika taaluma ya Kiswahili kwamba anapotajwa mtu wa chombo na maji, fikra hukimbilia pwani: Lamu, Mombasa, Pemba, Unguja na Kilwa. Mazoea hayo yana sababu. Misamiati mikubwa ya karne ya 20, ukiwamo wa Sacleux na ule wa Johnson, yote miwili ya mwaka 1939, iliegemea pwani, na Kiswahili Sanifu chenyewe kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja. Hata hivyo, maelfu ya Waswahilifoni wanaoamka kila alfajiri na kushika kasia hawajapata kuiona bahari. Mhadhara huu unawahusu hao, hususan wale wa ghuba za kusini mwa Ziwa Viktoria katika Mkoa wa Geita, na jirani zao wa Shinyanga. Hoja yake ni moja: Kiswahili cha maji yasiyo na chumvi si Kiswahili cha pwani kilichochakaa, bali ni matumizi kamili yenye mantiki yake, na kinapaswa kukusanywa mapema.

Historia fupi ni ya lazima. Kiswahili kilifika kusini mwa ziwa hilo kwa miguu. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walichukua pembe za ndovu hadi pwani, na waliporudi walibeba nguo, shanga na lugha. Speke alipolifikia ziwa mwaka 1858 alikuta linaitwa Nyanza, jina ambalo kwa wenyeji lina maana ya maji makuu, naye akaliongezea la malkia wake. Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1874 na mashua yake iliyofunguliwa vipande na kubebwa mabegani. Mwaka 1875 ikaunganishwa Kageyi na kuzungushwa ziwani, ikiendeshwa na mabaharia Waungwana waliokuwa wakizungumza Kiswahili. Lakini mabaharia hao hawakuwafundisha wenyeji uvuvi. Wakerewe, Wakara, Wajita, Wazinza na Wasukuma wa ukingoni walikuwa na mitumbwi na mitego yao tangu zamani. Kiswahili kiliwakuta wakiwa mafundi, kikalazimika kujifunza kazi kwao.

Msafiri anayetaka kuisikia lugha hiyo hana budi kuacha barabara ya lami na kupanda mtumbwi mdogo. Aondoke Nkome au Nungwe, au aanzie Kasenda, mahali wanapopandia boti watu waendao kisiwa cha Rubondo, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Aambae na ukingo wa matete na mafunjo, aingie kwenye vihori ambamo maji yametulia na nzohe hujificha majanini. Kila baada ya mwendo mfupi ataona mchanga mweupe, mitumbwi iliyolazwa, wanawake wakigeuza dagaa juani, na watoto wakimsalimu mzee kwa unyenyekevu kabla ya kumwuliza mgeni atokako. Hapo amefika mwaloni.

Neno la kwanza la kuchunguza ni mtumbwi wenyewe. Kwa maelezo yaliyozoeleka ya kamusi, mtumbwi ni gogo la mti lililochongwa na kutobolewa ndani. Ziwani, chombo kinachoitwa mtumbwi aghalabu kimeundwa kwa mbao zilizopigwa misumari, na pengine kina injini nyuma. Mtu wa pwani angekitafutia jina jingine, kwa kuwa kwake dau, mashua, ngalawa na mtumbwi ni vyombo vinne. Ziwani ngalawa haikuzoeleka, na mtumbwi umepanua maana yake. Huo si upotofu. Ni kanuni ya kawaida ya semantiki: pale palipo na aina chache za vyombo, neno moja hubeba mzigo wa maneno mengi.

Mfano wa pili ni mwezi. Mvuvi wa pwani huhesabu siku za mwezi kwa sababu ya maji kupwa na kujaa. Ndipo lilipozaliwa neno bamvua, na ndipo maji mafu yalipopata maana yake. Ziwa Viktoria halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho, hivyo maneno hayo yalipopanda bara yalikosa pa kusimama. Hata hivyo mvuvi wa Geita naye huhesabu siku za mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za umemejua, na taa haivuti dagaa mbalamwezi inapowaka. Kwa hiyo mwezi wake hugawanyika katika siku za giza, ambazo ni za kazi, na siku za mbalamwezi, ambazo ni za kushona nyavu na kukaa na jamaa. Mwezi ni ule ule, na hesabu ni ya siku zile zile, ila sababu ni nyingine.

Mfano wa tatu ni samaki, ambaye hufichua mipaka ya nchi. Akizunguka ziwa kwa chombo, msafiri atamsikia sangara Tanzania, mbuta Kenya na mputa Uganda. Dagaa wa Geita ni omena Kisumu na mukene Entebbe; sato wa Mwanza huitwa ngege upande wa Kenya. Sangara ni mgeni aliyepandikizwa katikati ya karne ya 20. Kuenea kwake kulichangia sana kutoweka kwa aina nyingi za samaki wadogo ambao Kiswahili huwaita kwa jina moja, furu. Lugha za wenyeji zilikuwa na majina ya kupambanua zaidi. Samaki anapotoweka, jina lake hubaki kwa mzee aliyemvua. Mzee naye akiondoka, hapana kamusi itakayolirejesha.

Neno la nne, nalo ndilo zito kuliko yote, ni mwalo. Kwa mvuvi, mwalo ni mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki kupimwa. Pwani wangesema diko. Kwa mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, mwalo ni mahali mawe yaliyotoka duarani na kusagwa kwenye karasha huoshwa ili dhahabu ikamatwe. Neno limekaa katika kazi mbili ambazo kwa nje hazifanani. Kinachoziunganisha ni kwamba pote pawili ndipo maji yanapokabidhi kilichotafutwa, na ndipo mgawo hufanyika: wa mwenye chombo na mvuvi, wa mwenye duara na mchimbaji. Huwezi kulieleza neno hili kwa haki bila kuzijua kazi zote mbili. Dhahabu imezaa na maneno mengine, kama magwangala, yaani mabaki ya mawe ya mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji mwaka 2000.

Shinyanga haina ukingo wa ziwa, lakini imo katika hadithi hii. Bukombe na Mbogwe zilitoka kwake mwaka 2012 Mkoa wa Geita ulipoundwa, na tangu mwaka 2009 mradi unaochota maji Ihelele, wilayani Misungwi, umeyafikisha Kahama na Shinyanga. Katika nchi iliyozoea malambo, ziwa sasa hufunguliwa kwa bomba. Vijana wake huenda duarani, na wengine huishia mwaloni. Maneno husafiri nao.

Haja ya kuharakisha iko wazi. Mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na safari iliyongojea kivuko sasa ni ya dakika chache. Ni neema kwa mgonjwa na mfanyabiashara, na hapana wa kuililia foleni. Lakini barabara ikiwa fupi, vihori husahaulika. Injini ikichukua nafasi ya kasia, majina ya mapigo ya kasia hayarithiwi.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliliona jambo hili mapema. Mswada wake wa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliukamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nao ukachapishwa na Tanzania Publishing House. Alitumia miaka yake kuhifadhi maisha ya watu wa ziwani ili wajukuu wayajue. Wanafunzi wa leo wana vinasasauti na usafiri ambao yeye hakuwa nao. Kinachotakiwa ni mtafiti akubali kuketi kwenye mtumbwi, ashike kopo la kukumbia maji, na aulize kwa adabu: hiki mnakiitaje? Kamusi itakayoandikwa hivyo haitaipunguzia pwani heshima yake. Itakiri tu kwamba lugha iliyofika kwa miguu nayo imejifunza kupiga kasia.