Nanga Moja, Hasara Mbili

Mwezi Juni 2009, Rais Mwai Kibaki alifika Fort Jesus, Mombasa, kuupokea mkongo wa intaneti wa TEAMS uliotandazwa baharini kutoka Fujairah, Umoja wa Falme za Kiarabu. Kabla ya mwaka huo Kenya ilitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali na nzito. Leo mama wa mtaa wa Bondeni, Mombasa, akizungumza kwa video na mwanawe aliyeko Dubai, sura na sauti hupita chini ya maji.

Je, bahari nayo inapata nini?

Msikilizaji, mkongo wenyewe hauna madhara makubwa. Kwenye kina kirefu, unene wake haupiti ule wa mpira wa kumwagilia maua. Ndani mna nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga; hakuna mafuta ya kuvuja. Watafiti walioukagua mkongo mmoja wa pwani ya California walikuta anemoni wamejishikiza juu yake. Taabu iko ufukweni. Huko mkongo huvishwa chuma na kufukiwa mtaroni, na mtaro ukipitishwa ovyo hung'oa nyasi za bahari wanamojilisha samaki aina ya tafi na kuvunja matumbawe.

Lakini adui mkubwa ni nanga. Kila mwaka duniani hutokea hitilafu za mikongo kati ya 150 na 200, nyingi zikisababishwa na nanga na zana za uvuvi. Mombasa imeyaonja hayo. Februari 2012, meli iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandarini ilitia nanga mahali palipokatazwa. TEAMS ikakatika, na intaneti ikazorota hadi nchi jirani.

Nanga kama hiyo ikiburutwa juu ya mwamba, huvunja kwa dakika chache matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua.

Basi kuulinda mkongo na kuulinda mwamba ni kazi moja. New Zealand ina sheria tangu 1996 inayokataza kutia nanga na kuvua katika maeneo ya mikongo. Mombasa nayo ina hifadhi ya bahari tangu 1986, hivyo sisi si wageni wa kutenga maji.

Kabla mkongo mwingine haujashushwa, wavuvi wa Mji wa Kale waitwe mapema waonyeshe malisho ya samaki yalipo. Na meli itakayotia nanga palipokatazwa itozwe gharama ya mkongo, na ya mwamba pia.