Fedha za Udongo Zisigawanywe Gizani

Hotuba kwa wapenda mageuzi na waumini wa Njoro



Tumekutana kuzungumzia ruzuku, yaani fedha za umma ambazo mkulima hupewa ili atunze udongo, miti na maji. Kifungu cha 2A cha katiba kilipofutwa Desemba 1991, tulipata haki ya kuchagua chama. Lakini demokrasia haiishii kwenye sanduku la kura. Hupimwa pia pale fedha za umma zinapogawanywa: ni nani anayepewa, na kwa kazi gani?

Historia inatufunza. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuongeza mazao. Mlowezi akalipwa ruzuku ya kuvunja ardhi mpya na kuhakikishiwa pato lake. Mwafrika naye alilazimishwa kuchimba makingamaji bila malipo, hata wakulima wa Murang'a, wanaume kwa wanawake, wakaikataa kazi hiyo mwaka 1947 na 1948. Mmoja alipewa hundi, mwingine amri.

Uhuru haukuuponya ugonjwa huo. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 35,000 za msitu wa Mau ya Mashariki ziliondolewa katika hifadhi. Humo ndimo chimbuko la Mto Njoro, unaomwaga maji yake katika Ziwa Nakuru. Tume ya Ndung'u ilieleza mwaka 2004 jinsi ardhi ya umma ilivyokuwa zawadi ya kisiasa. Shamba la Nabothi lilitwaliwa tena, na safari hii kwa mihuri ya ofisi.

Iko njia nyingine, na haiko mbali. Kuanzia mwaka 2010, wakulima wadogo wa nyanda za juu za Nyandarua, kunakotoka maji ya Ziwa Naivasha, walipewa vocha za pembejeo kwa kupanda miti na safu za nyasi za kuzuia mmomonyoko. Fedha zilichangwa na watumiaji wa maji walio chini, wakiwemo wakuzaji wa maua, kupitia chama chao. Hazikuwa za serikali, lakini utaratibu wake ulikuwa wazi: kazi kwanza, malipo baadaye. Aliyepata alijua amelipwa kwa nini, na jirani yake aliiona kazi kwa macho.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari la majina peke yake halitoshi. Wakulima waliandikishwa kwa mbolea ya ruzuku, na bado mwaka 2024 baadhi ya mifuko ilipatikana kuwa bandia. Kilichoandikwa sharti kikaguliwe.

Kwa hiyo, kwa kila shilingi ya hifadhi inayoletwa Njoro, twadai mambo manne. Kwanza, majina ya wanaolipwa na kiasi cha malipo yabandikwe kwa chifu, kanisani na msikitini. Pili, kazi ikaguliwe na wakulima wenyewe pamoja na afisa wa kilimo. Tatu, anayelima shamba la kukodi, na mama asiye na hatimiliki, wasiachwe nje, maana jembe limo mikononi mwao. Nne, asiulizwe mtu kabila wala chama.

Hatuombi hisani. Katiba ya 2010, katika vifungu vya 35 na 201, inampa mwananchi haki ya kupata habari na kushiriki katika mambo ya fedha za umma.

Januari 1998 tulizika watu hapa Njoro. Tunajua jinsi siri juu ya ardhi inavyozaa shuku, na jinsi shuku inavyozaa moto. Kila kikundi cha parokia na kichague watu wawili, mwanamke na mwanamume, waende ofisini waombe daftari hilo kwa maandishi. Wakinyimwa, waandike tena. Watu waliokwisha kudai vyama vingi hawawezi kushindwa kudai orodha ya majina.