Kuvu za Udongoni na Mimea ya Dawa Yenye Kunukia



Mkulima anaposikia habari za kuvu, fikira zake huenda kwenye kutu ya ngano au mahindi yaliyooza ghalani. Hana kosa, kwa kuwa hasara hiyo ameionja. Lakini ziko kuvu nyingine udongoni ambazo haziuangamizi mmea, bali hufanya biashara nao. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, A. B. Frank, aliupa ushirika wa kuvu na mizizi jina la mikoriza.

Biashara yenyewe ni hii. Kuvu huingia katika mizizi, kisha hutandaza nyuzi nyembamba mno hadi mahali ambapo mizizi haifiki. Nyuzi hizo huchota fosforasi, chakula kisichosogea upesi udongoni, na kuuletea mmea. Mmea nao hulipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani yake.

Mrehani, mnanaa na mchaichai hushirikiana na kuvu hizi, na thamani ya mimea hiyo imo katika mafuta yake ya kunukia. Mwaka 2006 watafiti wa Italia walieleza kwamba kuvu ya namna moja iliuzidishia mrehani mafuta, bali za namna nyingine hazikuleta faida ile ile. Mwaka 2007 wenzao wa India walieleza kwamba artemisia iliyotiwa kuvu ilizidi kuwa na artemisinini, ambayo ndiyo asili ya dawa za malaria.

Mkulima aweza kukuza kuvu mwenyewe. Achukue udongo wenye mizizi myembamba chini ya nyasi, mahali pasipolimwa, auchanganye na mchanga uliochomwa motoni ukapoa, kisha apande mtama katika vyungu. Baada ya miezi mitatu au minne aache kumwagilia, akate mabua, na udongo ukauke. Mizizi ikatwe vipande vidogo, na konzi moja ya mchanganyiko huo itiwe katika shimo la kila mche, iguse mizizi. Lakini udongo usitolewe penye mimea iliyonyauka au mizizi yenye vinundu, kwani maradhi nayo yatahamia shambani.

Yako pia mambo ya kuepukwa. Mbolea ya fosfeti ikizidi, mmea hushiba na kuacha kuilipa kuvu. Kulima mara kwa mara hukata nyuzi. Kabichi na sukuma wiki hazishirikiani na kuvu hizi. Hivyo tuta lililopandwa mboga hizo tu kwa muda mrefu lipandwe kwanza mahindi au maharagwe.

Mwisho, mwenye kutegemea ekari moja kwa karo na chakula asibadili shamba zima kwa siku moja. Aweke matuta mawili yaliyo sawa, moja lenye kuvu na moja lisilo nazo, avune, apime, ndipo aamue.