Nguo, Kilo na Maneno ya Watu

Leo tuzungumze kuhusu mwili unaobadilika, na nguo zinazokataa kutuingia au zinazotupwaya.

Mama akishajifungua, rinda la zamani halipandi tena. Kuna wanaokosa harusi, na hata wanaochelewesha kliniki ya mtoto, kwa kuona haya. Wengine hujikaza tumbo kwa mkanda wakidhani mafuta yatayeyuka. Mkanda hauyeyushi mafuta. Na mama anayenyonyesha asijinyime chakula ili apungue haraka. Anahitaji nguvu yeye mwenyewe, na maziwa ya mtoto yanatoka mwilini mwake.

Unene si aibu, lakini ukizidi huleta presha, kisukari na maumivu ya magoti. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2008-09, wanawake kama 25 kati ya kila 100 nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2014 walifika 33. Kwa hivyo hauko peke yako. Chukua utepe wa fundi, ujipime kiuno. Ukipita sentimita 80, hatari imeanza kupanda. Ukipita 88, imepanda sana.

Dada yangu, haraka haraka haina baraka. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki yatosha. Punguza soda, sukari na vyakula vya kukaanga. Punguza ugali, uongeze sukuma wiki, mchicha na maharagwe. Tembea kwa miguu nusu saa, siku tano kwa wiki. Mama wa kilo 80 akipunguza kilo nne tu, presha na sukari huanza kupata nafuu, hata kama rinda bado linambana.

Sasa umepungua. Majirani wanaanza: "Kwani bwana hakulishi?" Au wananong'ona, "Ni ule ugonjwa." Kuna akina mama ambao kwa kuogopa maneno hayo huvaa sweta mbili wakati wa jua kali ili waonekane wanene. Wengine hurudia chapati na soda, na presha inarudi. Akina mama, virusi vya ukimwi havipimwi kwa macho. Mnene anaweza kuwa navyo, mwembamba akawa hana. Kipimo ni damu, na anayetumia dawa vizuri anaweza kunawiri kabisa. Ukiulizwa, jibu kwa ufupi: "Ninatunza afya yangu." Inatosha.

Lakini ikiwa unapungua bila kukusudia, usifurahie nguo kupwaya. Ukiwa pia na kikohozi, jasho la usiku, kiu kingi au kukojoa mara kwa mara, nenda kituo cha afya mapema. Huenda ni kifua kikuu au kisukari, na yote mawili yana matibabu.

Kuhusu nguo, usingoje upungue ndipo uvae vizuri. Tafuta nguo mbili tatu zinazokutosha leo, hata za mitumba. Dera na leso hazimbani mtu. Ukishonesha, mwambie fundi aache kitambaa cha kutosha kwenye mishono, ili aweze kupanua au kupunguza. Na ukishapungua, ngozi ya tumbo ikilegea au michirizi ikibaki, usishtuke. Ngozi iliyovutika hairudi yote.

Mwisho, tuchunge ndimi zetu mbele ya watoto. Msichana akimsikia mama yake akisema kila asubuhi, "Nimekuwa mbaya," naye atajifunza kuuchukia mwili wake. Afadhali asikie, "Twende tutembee tupate nguvu."

Ukiwa na swali, muulize muuguzi wa zahanati iliyo karibu nawe au mhudumu wa afya wa kijiji chako.