Kazi Ndogo na Moyo Mtulivu

Maneno ya katekista siku ya jubilei ya parokia



Baba Paroko alipotuagiza kusema maneno machache juu ya kazi, tulidhani anataka tuwasifu wale waliojenga kanisa hili. Akatujibu: hapana, semeni juu ya kazi yenu wenyewe, ile ya juma, si ile ya siku ya Mungu. Basi tunatii, ingawa kusifu matofali kungalikuwa rahisi zaidi.

Wengi mwatufahamu kama mwalimu wa katekumeni. Lakini mkate wa nyumba yetu hautoki katika katikisimu. Sisi ni plantoni. Twafungua milango ya biro moja ya mji huu kabla jua halijapanda, twateka maji, twafagia na kusugua sakafu, kisha mchana kutwa twachukua madosie kutoka meza hii mpaka meza ile, bila ruhusa ya kusoma yaliyomo. Tumefanya hivyo kwa miaka 16.

Tuseme ukweli: miaka ya kwanza kazi hiyo ilitutia haya. Tulisoma katika seminari ndogo. Katika wale tulioketi nao kwenye benchi moja, mmoja ni padri, mwingine mganga, mwingine hakimu. Sisi tulitoka kabla ya kumaliza, kwa kuwa baba yetu alikufa na wadogo walibaki bila msaada. Asubuhi tulivaa shati jeupe, tukatia kalamu mbili mfukoni, tukapita katika mtaa kama karani. Watu walipotuuliza, tulijibu kwamba tunatumika katika biro. Hilo halikuwa uwongo. Wala halikuwa kweli.

Siku moja mama mmoja wa katekumeni alifika kule kutafuta hati ya kuzaliwa ya mtoto wake. Alitukuta tumepiga magoti mlangoni, brosi mkononi, tukisugua. Akaita kwa furaha: "Mwalimu!" Nasi tukageuza uso ukutani, tukaendelea kusugua kama kiziwi. Akaita mara ya pili, halafu akanyamaza, akapita pembeni ya ndoo yetu, akiangalia asikanyage mahali tulipokwisha kusafisha.

Jumamosi iliyofuata fundisho lilikuwa amri ya nane. Hatukuichagua, ndivyo kitabu kinavyofuatana. Tulifungua kinywa, maneno yakakataa. Mwishowe tukawaeleza katekumeni wote jambo tulilolitenda, na kazi yetu ni kazi gani. Tulingoja kicheko. Yule mama akasema tu kwamba walijua tangu zamani, kwa sababu mikono yetu hunuka sabuni ya sakafu. Alichotaka siku ile ni kutuuliza ni mlango gani unaotoa hati. Alizunguka asubuhi nzima bila mtu wa kumwongoza, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Hapo ndipo tulipojua uzito wa kosa letu. Kiburi hakikutudhuru sisi peke yetu. Kilimnyima maskini msaada, tena msaada ambao plantoni aweza kuutoa kuliko mtu mwingine, kwani yeye ndiye anayeijua milango yote. Kilatini tulichojifunza zamani kilitukumbusha kwamba neno humilitas latoka katika humus, maana yake udongo. Mtu aliyepiga magoti sakafuni alikuwa angali mbali sana na udongo.

Tangu siku zile tumeyasoma upya maisha ya Mwenye heri Isidore Bakanja, ndugu yetu wa Kongo. Watu husimulia zaidi kifo chake, na ni haki. Sisi twapenda pia kutazama kazi zake. Alitoka kwao huko Ekwatere akafika Mbandaka, mji ulioitwa Coquilhatville zamani zile, akawa msaidizi wa waashi. Wamisionari Watrapisti walimfundisha dini, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Baadaye alikuwa boyi katika nyumba ya Mzungu mmoja wa kampuni, akamfuata mpaka Ikili. Kazi ya boyi mwaijua. Hakuwa na cheo chochote, lakini aliwafundisha wenzake kusali. Mkubwa wa mahali pale aliwachukia wamisionari. Akamwamuru avue skapulari ya Bikira Maria. Bakanja, aliyetii katika kazi, katika jambo hilo hakutii. Alipigwa fimbo zaidi ya mia, vidonda vikaoza, akafa tarehe 15 Agosti 1909, akiisha kumsamehe mtesi wake na kuahidi kumwombea. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mjini Roma tarehe 24 Aprili 1994, wakati wa Sinodi ya Afrika.

Twawaomba mkumbuke kule kukataa kwake, kwa sababu wako wanaodhani unyenyekevu ni kunyamaza tu. Mwaka mmoja sisi wafanyakazi wa mikono hatukulipwa kwa miezi mitatu, huku meza za juu zikilipwa. Wenzetu walitutuma kusema, kwa sababu ya kile Kifaransa cha seminari, ambacho kikapata kazi yake hatimaye. Tulitetemeka, lakini tulisema, bila matusi. Papa Leo wa Kumi na Tatu aliandika juu ya mshahara wa haki tangu mwaka 1891 katika Rerum Novarum. Na Papa Yohane Paulo wa Pili, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba heshima ya kazi yatoka kwanza kwa mtu anayeifanya. Tulilipwa miezi miwili. Wa tatu twaungoja hata leo.

Je, tumeridhika? Yule mwenzetu hakimu alipita biro mwaka jana, akatupa mfuko wake tuuchukue, wala hakututambua. Usiku ule moyo uliuma tena. Tusiwadanganye kwamba jeraha limepona kabisa. Lakini Bwana wetu naye alikaa Nazareti mpaka umri wa karibu miaka 30, na watu wa mji wake walimdharau kwa kuwa walimjua kama seremala. Asubuhi, milango ikiwa bado imefungwa, twasali fungu moja la rozari katika ule ukumbi mtupu, kwa ajili ya wote watakaopita siku hiyo. Halafu anafika bibi kizee wa kijijini, karatasi amezifunga kitambaani, hajui pa kwenda. Tunaweka ufagio chini, tunamshika mkono mpaka mlango wenyewe. Kwa dakika zile hatutamani kiti cha mtu yeyote.

Yule mama aliyetuita mara mbili yuko hapa leo, nyuma ya kanisa, penye vyungu. Ametukataza kutaja jina lake, na Baba Paroko anatuonyesha saa. Baada ya chakula tutahitaji watu wanne wa kuosha masahani. Ndoo tumekwisha kuzileta.