Hita ya Stima Gerejini: Mazungumzo na Wakazi wa Isinya

Baridi ya Julai imetufikia, na wengi wetu tumegeuza gereji kuwa karakana, chumba cha kulelea vifaranga au hata mahali pa mlinzi kulala.

Jiko la makaa lisiingie humo mlango ukiwa umefungwa. Hewa ya kaboni monoksaidi haionekani wala hainuki. Aliyelala huenda asiamke. Hita ya stima ni afadhali, ila ina masharti yake.

Hita ya wati 2,000 kwenye stima yetu ya volti 240 huvuta zaidi ya ampea 8. Gereji nyingi zina waya wa taa tu. Fundi wa haraka huunganisha soketi kwenye waya huo huo, nao hupata moto ndani ya paipu bila wewe kuona chochote. Breka ikijizima, anaweka kubwa zaidi! Hapo ameondoa kinga pekee uliyokuwa nayo.

Dai hita iwe na waya wake wa shaba, milimita mraba 2.5, kutoka kwenye boksi la fyuzi, pamoja na breka yake. Waya wa ethi, ule wa kijani na manjano, usiachwe, hasa kama kuta ni za mabati. Ekstensheni haifai. Petroli na rangi zihamishwe.

Na kabla fundi hajagusa chochote, akuonyeshe leseni ya EPRA. Akianza kuzungusha maneno, mpe chai aende zake.