Maji Magumu, Ngozi Kavu
Wewe uliyepanga Mombasa au Unguja na unaoga maji ya kisima, hebu chungulia ndani ya birika lako. Ule ukoko mweupe ni chokaa, imetoka kwenye miamba ya matumbawe. Chokaa hiyo hiyo ikikutana na sabuni, povu hukataa, utando huganda mwilini, ngozi ikakauka na kuwasha. Kuongeza sabuni ni kujichongea. Tumia kidogo, isiyo na manukato, ujisuuze vizuri. Maji ukiyachemsha yakatulia, chokaa nyingi hubaki chini. Ya mvua ni bora zaidi: mwombe mwenye nyumba ruhusa ya kuweka pipa. Ukitoka kuoga, jipake mafuta ya mgando mwili ungali na unyevu. Ngozi ikipasuka, nenda kituo cha afya.